Kabla ya Kung'oa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Matibabu ya Kinywa na Meno

Wengi wanaofika kwenye kliniki za meno hapa Tanzania hufika wakiwa wameshika shavu. Wamevumilia wiki, wengine miezi, wamepita duka la dawa mara kadhaa, na wakiketi kwenye kiti neno la kwanza ni "daktari, ling'oe." Mimi ni daktari wa meno, na maswali yaliyo hapa ndiyo ninayoulizwa kila siku: kwenye kiti, kwenye foleni, hata msibani mtu akishajua kazi yangu. Jino la kudumu likitoka halioti jingine. Na njia za kuliokoa leo ni nyingi kuliko watu wanavyodhani, ilimradi ufike mapema.

Jino limetoboka, usiku silali. Si bora ling'olewe nimalize?

Inategemea shimo limefika wapi. Jino lina tabaka gumu la nje, chini yake tabaka la pili lililo laini zaidi, na katikati kuna kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Kama jino linashtuka ukinywa maji baridi au ukila kitu kitamu, kisha linatulia baada ya sekunde chache, kwa kawaida kiini bado ni kizima. Jino la namna hiyo huzibwa kwa kikao kimoja na unarudi kazini siku hiyohiyo. Likianza kuuma lenyewe bila kuguswa, hasa ukilala, au chai ya moto ikiacha maumivu yanayokaa muda mrefu, basi kiini kimeshaathirika na kuziba juu juu hakutasaidia. Hapo ndipo tunazungumzia matibabu ya mzizi.

Kung'oa ni tiba halali, nami naifanya. Jino lililovunjika hadi chini ya fizi, lenye mzizi uliopasuka, au lililopoteza mfupa wote unaolishika, halina budi kutoka. Lakini watu wengi huomba kung'olewa jino ambalo lingeweza kukaa kinywani miaka mingine mingi, kwa sababu kung'oa ni rahisi na ni haraka. Ni rahisi siku hiyo tu. Baadaye meno ya pembeni huanza kuinamia pengo, jino la upande wa pili hushuka au kupanda kutafuta mwenzake, mfupa wa taya mahali pale husinyaa, na mtu hujikuta anatafunia upande mmoja. Gharama ya kuziba pengo kwa jino bandia zuri mara nyingi huzidi ile ya kulitibu jino lenyewe.

Matibabu ya mzizi yanafanywaje? Nimesikia yanauma sana.

Baada ya sindano ya ganzi, daktari hutoboa tundu dogo juu ya jino, hutoa kiini kilichooza, kisha husafisha mifereji iliyo ndani ya mizizi kwa vifaa vyembamba vya chuma pamoja na dawa ya kuua bakteria. Urefu wa kila mfereji hupimwa kwa picha ya eksirei au kwa kifaa cha umeme. Mifereji ikishakuwa safi na kavu hujazwa kwa aina ya utomvu uitwao gutapecha, na jino huzibwa juu. Jino la mbele lina mzizi mmoja. Gego linaweza kuwa na mifereji mitatu, minne au zaidi, ndiyo maana huchukua muda. Zamani vikao vilikuwa vingi. Siku hizi vifaa vya mchanganyiko wa nikeli na titani vinavyozungushwa na mashine vimepunguza kazi, na mara nyingi inaisha kwa kikao kimoja au viwili.

Kuhusu maumivu: jino lenye ganzi iliyoshika vizuri halisikii uchungu, utasikia kusukumwasukumwa tu. Jino lenye uvimbe mkali huchelewa kupokea ganzi, na hapo lazima useme ili uongezewe. Maumivu mnayosimuliana mitaani, mara nyingi, ni yale yaliyokuwepo kabla ya matibabu.

Jambo moja linalosahaulika: gego lililotibiwa mzizi huwa dhaifu na linaweza kupasuka katikati ukitafuna mfupa au mahindi ya kuchoma. Livishwe kofia, iwe ya chuma, ya kauri au ya zirkonia. Nimeona magego mengi yaliyotibiwa vizuri yakaja kung'olewa kwa sababu tu mgonjwa hakurudi kuvishwa kofia.

Nilinunua amoksilini dukani, maumivu yakaisha. Bado nahitaji matibabu?

Ndiyo. Bakteria wamo ndani ya jino ambalo kiini chake kimekufa. Damu haifiki humo, na dawa unayomeza husafiri kwa damu. Inaweza kutuliza uvimbe ulio nje ya mzizi, lakini chanzo kinabaki palepale na kitarudi. Tena ukizoea kumeza vidonge vichache kila jino likiuma, unawafundisha bakteria kuwa sugu, na siku utakapohitaji dawa hiyo kwa nimonia au kidonda huenda isifanye kazi.

Maumivu yanaweza pia kuisha kwa sababu kiini kimekufa kabisa. Hiyo si nafuu, maana jipu linaendelea kukua kimyakimya kwenye mfupa.

Na sikiliza hili kwa makini. Ukiona uvimbe umeshuka chini ya taya kuelekea shingoni, ulimi umeinuliwa juu, huwezi kufungua kinywa vizuri, unashindwa kumeza mate, sauti imebadilika au pumzi inakuwa nzito, usisubiri kupambazuke. Nenda hospitali usiku huohuo. Usaha wa jino ukienea kwenye nafasi za shingo huziba njia ya hewa, na watu hufa kwa jino ambalo lingeweza kuzibwa miezi michache nyuma.

Vipi kuhusu karafuu, maji ya chumvi na dawa nyingine za nyumbani?

Karafuu inafanya kazi, ila kwa muda. Mafuta yake yana yujinoli, kemikali inayotia ganzi, na sisi wenyewe huichanganya na oksidi ya zinki kutengeneza dawa ya kuzibia jino kwa muda. Wazee wa Unguja na Pemba hawakukosea kuiweka kwenye jino bovu. Inakupa usiku mmoja wa usingizi, haiponyi shimo. Kusukutua kwa maji vuguvugu yenye chumvi ni salama na kunasaidia fizi zilizovimba.

Maji ya betri ni jambo jingine kabisa. Ile ni tindikali ya salfa. Wapo wanaoitia kwenye tundu la jino ili "kuliua," na inachoma fizi, ulimi na hata mfupa. Usithubutu. Kuweka aspirini juu ya fizi nako huacha kidonda cheupe kinachouma kuliko jino lenyewe. Kidonge cha maumivu humezwa, hakibandikwi.

Kijijini kwetu hakuna umeme wala kiti cha meno. Jino linaweza kuzibwa?

Linaweza, na swali hili napenda sana kulijibu, kwa sababu njia hiyo ilizaliwa hapahapa Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Mholanzi Jo Frencken, walikuwa wanatafuta namna ya kuwatibu watu wa vijijini ambako mashine za kutobolea meno hazina umeme wala maji, na zikiharibika hakuna wa kuzitengeneza. Wakaondoa sehemu laini iliyooza kwa vifaa vya mkono tu, kisha wakaziba kwa saruji inayojishikiza yenyewe kwenye jino. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaanza kuitangaza njia hiyo, na leo inafundishwa na kutumika kwenye nchi nyingi ulimwenguni, zikiwemo tajiri. Wataalamu wanaiita ART, kifupi cha Kiingereza chenye maana ya kuziba jino bila kulijeruhi.

Siku hizi kinachotumika ni saruji ya glasi ayonoma, ambayo hutoa floridi (madini yanayoimarisha jino) taratibu na kulilinda jino pembeni mwa shimo. Mara nyingi hata sindano haihitajiki, kwa sababu sehemu iliyooza haina fahamu. Kwa shimo dogo lililo upande mmoja wa jino, matokeo ni mazuri sana. Kwa shimo kubwa linalogusa pande mbili, dawa hudumu muda mfupi zaidi, na ni haki mgonjwa aambiwe hivyo mapema.

Ipo pia dawa ya majimaji yenye fedha na floridi, inayopakwa juu ya jino lililooza na kusimamisha uozo bila kutoboa chochote. Inawafaa watoto wadogo wasiotulia, wazee walio kitandani na watu wenye ulemavu ambao kiti cha meno ni mateso kwao. Kasoro yake ni kwamba sehemu iliyooza hugeuka nyeusi na kubaki hivyo. Mzazi aonyeshwe picha kabla ya kukubali. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa hii, glasi ayonoma na dawa ya meno yenye floridi kwenye orodha yake ya dawa muhimu, kwa hiyo asikuambie mtu kuwa hizi ni tiba za kimaskini.

Jino langu lilizibwa kwa dawa ya rangi ya fedha. Nasikia ina zebaki. Niitoe?

Karibu nusu ya dawa hiyo, iitwayo amalgamu, ni zebaki, kweli. Kama imekaa vizuri, haijavunjika na hakuna uozo pembeni yake, iache. Kuitoboa ndiko kunakoachia mvuke mwingi zaidi. Dunia inaachana nayo polepole kupitia Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, na marekebisho ya mwaka 2022 yanazitaka nchi wanachama ziizuie kwa watoto walio chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha. Badala yake tunatumia glasi ayonoma, au dawa nyeupe ya kompoziti inayogandishwa kwa mwanga wa bluu.

Kusafisha meno kwa mashine hakulegezi meno?

Hakulegezi. Utando laini wa bakteria usipopigwa mswaki huganda kuwa ugaga, na ugaga hautoki kwa mswaki hata usugue vipi. Fizi hukasirika, huvimba, huvuja damu. Ukiachwa miaka, mfupa ulioshika meno huanza kuliwa. Mtu wa hivyo meno yake yamelegea zamani, ila ugaga umeyafunga pamoja. Ukiondolewa, ndipo anagundua yanacheza, naye anailaumu mashine. Mashine yenyewe hutikisa ugaga kwa mawimbi ya sauti huku ikimwaga maji, haikwangui jino. Siku chache meno yatashtuka kwa baridi, kisha yatatulia.

Fizi zikivuja damu ukipiga mswaki, usiache kupiga mswaki. Tumia mswaki laini na uendelee, halafu uje usafishwe.

Meno yanahusiana vipi na kisukari, moyo na ujauzito?

Hapa ndipo natamani kila daktari wa magonjwa ya ndani na kila mkunga angesimama nami, kwa maana kinywa kimetengwa na mwili mwingine kwa muda mrefu mno. Mwaka 2021 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuitaka dunia iingize afya ya kinywa kwenye mapambano dhidi ya magonjwa yasiyoambukiza. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022, watu karibu bilioni 3.5 wana ugonjwa fulani wa kinywa.

Tuanze na kisukari. Sukari ikiwa juu, fizi hushambuliwa kwa urahisi na hupona kwa shida. Nayo fizi iliyovimba muda mrefu huufanya mwili upokee insulini vibaya, sukari ikazidi kupanda. Ndiyo maana mgonjwa wa kisukari akitibiwa fizi, kipimo chake cha sukari cha miezi mitatu kinaweza kushuka kidogo. Ukiwa na kisukari, fika kliniki ya meno hata kama hakuna kinachouma. Na kama wewe si mgonjwa wa kisukari lakini una majipu ya fizi yanayorudirudi, pima sukari.

Moyo. Kwetu bado wapo vijana wengi ambao valvu zao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni. Jino linapong'olewa au fizi inaposafishwa, bakteria huingia kwenye damu kwa muda mfupi. Kwa mtu mwenye moyo mzima hilo halina neno, mwili huwamaliza. Kwa mwenye valvu bandia, au aliyewahi kupata maambukizi ya ndani ya moyo, wanaweza kutua pale na kuleta ugonjwa unaoua. Watu hao hupewa antibiotiki saa moja hivi kabla ya kazi. Kama uliwahi kuambiwa una tatizo la valvu, sema kabla hujafungua kinywa. Ama habari kwamba ugonjwa wa fizi huleta shambulio la moyo: wenye fizi mbovu sana huonekana kupata zaidi magonjwa ya mishipa ya moyo na kiharusi, lakini haijathibitika kwamba kutibu fizi peke yake kunazuia shambulio. Kuvuta sigara na kisukari huharibu vyote viwili, hivyo ni vigumu kutenganisha. Tibu fizi kwa ajili ya fizi. Hiyo ni sababu tosha.

Ujauzito. Mtoto aliye tumboni hanyonyi meno ya mama yake. Ule usemi kwamba kila mimba huondoka na jino hauna msingi. Kinachotokea ni kwamba homoni huzifanya fizi zivimbe haraka zaidi kwa uchafu uleule, na kutapika asubuhi huacha tindikali kwenye meno. Ukitapika, sukutua kwa maji, subiri nusu saa, ndipo upige mswaki. Jino linaweza kuzibwa, kutibiwa mzizi au kung'olewa ukiwa mjamzito, na ganzi ya kawaida ni salama. Kipindi kizuri ni mwezi wa nne hadi wa sita. Jipu la jino ni hatari kwako na kwa mimba kuliko matibabu yake. Usimeze doksisaiklini wala tetrasaiklini, maana hutia madoa meno ya mtoto.

Wenye selimundu nao waseme mapema, kwa sababu maambukizi ya jino yanaweza kuwasha maumivu ya mwili mzima. Wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda wasiache dawa kwa uamuzi wao. Na mgonjwa anayekwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road kwa mionzi ya kichwa au shingo akaguliwe meno kabla, maana jino likija kung'olewa kwenye taya iliyopigwa mionzi, mfupa unaweza kukataa kupona.

Nimekulia Arusha, meno yangu ni ya kahawia. Hata nikipiga mswaki vipi hayaishi. Nifanye nini?

Kwanza, huo si uchafu, na nasikitika kwa kila mtu aliyewahi kukuambia hivyo. Ni floridi nyingi uliyokunywa utotoni, meno ya kudumu yakiwa bado yanajengwa ndani ya taya. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa huitoa kwenye maji ya visima na chemchemi: Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida, na ng'ambo ya mpaka Nakuru na Naivasha. Maji ya Chai kule Arumeru ni moja ya sehemu zinazojulikana sana kwa hili. Shirika la Afya Duniani linashauri floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuna visima vya huko vinavyozidi kiwango hicho mara nyingi. Magadi yanayotiwa kwenye maharage na makande nayo yanaweza kuongeza.

Matibabu hutegemea uzito wa madoa. Mawingu meupe na madoa hafifu yanaweza kupunguzwa kwa kung'arisha kwa dawa ya peroksidi, au kwa kuondoa tabaka jembamba sana la juu kwa tindikali hafifu na unga laini. Madoa meusi yenye vishimo huhitaji kufunikwa kwa kompoziti, na yaliyo mabaya zaidi kwa ganda jembamba la kauri linalobandikwa mbele ya jino. Kompoziti ni nafuu na hutengenezwa siku hiyohiyo, ila hubadilika rangi baada ya miaka kadhaa. Kusugua kwa mkaa, mchanga au majivu kutakuondolea jino, si doa.

Kwa watoto wako unaweza kuzuia. Kuchemsha maji hakuondoi floridi, tena maji yakipungua kwenye sufuria floridi inazidi kukolea. Maji ya mvua hayana shida hiyo. Kichujio cha mkaa wa mifupa ya ng'ombe huishika floridi, na kituo cha utafiti cha Ngurdoto, karibu na Arusha, kimeifanyia kazi teknolojia hiyo kwa miaka mingi. Mtoto akishafikisha miaka minane hivi, meno yake ya mbele yameshajengwa na hayatapata madoa mapya, lakini maji mabaya bado yanadhuru mifupa.

Mtoto wa miezi mitano ana homa na anaharisha. Jirani anasema ana meno ya plastiki.

Hakuna meno ya plastiki. Hakuna meno ya nailoni. Kile kiuvimbe cheupe unachoonyeshwa kwenye fizi ni chonge cha utoto ambacho bado kinakua chini ya fizi, na kila mtoto anacho. Imani hii imezunguka Tanzania tangu miaka ya 1980, na majirani zetu wa Uganda wanayo kwa jina jingine. Watoto hukatwa fizi kwa kisu, wembe au spoku ya baiskeli. Wengine hutoka damu hadi kuishiwa, wengine hupata pepopunda au sumu kwenye damu, na wapo waliokufa. Waliopona huja kwetu wakiwa na miaka kumi na kitu, chonge la kudumu halipo au limeota likiwa limepinda, kwa sababu mbegu yake iliharibiwa siku ile.

Homa ya mtoto huyo inaweza kuwa malaria, nimonia au maambukizi ya tumbo. Mpeleke zahanati apimwe. Kama anaharisha, apewe maji ya chumvichumvi na zinki, na aendelee kunyonya. Nakuomba, mama, usikubali mtu amkate.

Meno ya utoto yameoza, lakini si yatang'oka tu?

Yatang'oka, ila magego ya utoto hukaa hadi miaka 10 hadi 12. Mtoto wa miaka minne mwenye gego bovu ana miaka mingine sita au zaidi ya kuuma, kukosa usingizi na kutokula. Jipu la jino la utoto linaweza kuharibu la kudumu lililo chini yake, na likitolewa mapema nafasi huziba, la kudumu likaota pembeni.

Gego la kwanza la kudumu huota kwenye miaka sita, nyuma kabisa ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka. Wazazi hudhani ni la utoto na kuliacha lioze. Mpeleke mtoto vijifereji vilivyo juu ya gego hilo, pale pa kutafunia, vizibwe kwa dawa maalumu likiwa bado zima. Haiumi na haihitaji sindano.

Mswaki wa mti unatosha? Na dawa ya meno ipi ni nzuri?

Mswaki wa mti unaondoa utando vizuri ukiutafuna ncha ikawa nyuzi laini, ukaifikisha pande zote, pamoja na nyuma ya meno ya chini ambako wengi hawafiki. Wanaoutumia kwa suna waendelee. Ninachoomba ni waongeze dawa ya meno yenye floridi usiku. Jina la kampuni halina maana kubwa. Angalia kwenye boksi kama ina floridi ya 1000 hadi 1500 ppm. Mtoto wa chini ya miaka mitatu atumie kiasi cha punje ya mchele, wa miaka mitatu hadi sita kiasi cha njegere. Mara mbili kwa siku, dakika mbili, na ya usiku isikose. Ukimaliza, tema povu, usisukutue kwa maji mengi, ili floridi ibaki kazini.

Sukari huumiza zaidi kwa kurudiwarudiwa kuliko kwa wingi wake. Kila unapoonja kitu kitamu, bakteria hutoa tindikali, na mate huhitaji nusu saa au zaidi kurudisha hali. Anayekula kashata mara moja baada ya chakula yuko salama kuliko anayemumunya ubuyu wa sukari au kunywa soda kidogokidogo kutwa nzima.

Nimeshapoteza meno. Nina chaguo gani?

Yako matatu. Meno bandia ya kuvaa na kuvua ndiyo ya bei nafuu. Yanapaswa kuvuliwa usiku na kusuguliwa kwa mswaki. Daraja, yaani jino bandia lisilovuliwa, hushikiliwa na meno ya pembeni yanayochongwa, kwa hiyo fikiri mara mbili kama meno hayo ni mazima kabisa. La tatu ni jino la kupandikiza: skrubu ya titani huwekwa kwenye mfupa, mfupa huishika kwa miezi mitatu hadi sita, kisha jino hufungwa juu. Per-Ingvar Brånemark wa Sweden alimtibu mgonjwa wa kwanza kwa njia hii mwaka 1965. Ni chaguo bora ukilimudu, lakini anayevuta sana sigara au mwenye kisukari kisichodhibitiwa yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kulipoteza.

Kidonda kinywani hakiponi, lakini hakiumi. Ni cha kuogopa?

Kidonda chochote kilichopita wiki mbili bila kupona kikaguliwe, hasa kama hakiumi. Vivyo hivyo doa jeupe au jekundu lisilofutika. Saratani ya kinywa huanza hivyo. Wanaokula tambuu yenye popoo na tumbaku, wanaoweka ugoro au kuberi mdomoni, wavuta sigara na wanywaji wa pombe kali wako kwenye hatari zaidi. Ikikutwa ndogo, hukatwa na mtu akaendelea na maisha. Wengi huja imeshakula taya.

Nitajuaje kama kliniki ni salama, na bima italipa?

Daktari wa meno Tanzania Bara anapaswa kusajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Kuomba kuona usajili si ukosefu wa adabu. Vifaa vitolewe kwenye pakiti iliyofungwa, iliyopita kwenye mashine ya mvuke, na ifunguliwe mbele yako. Sindano iwe mpya, glavu zibadilishwe kwa kila mgonjwa. Homa ya ini aina ya B husambaa kirahisi kupitia vifaa vichafu. Kwa bima, uliza kabla ya kazi kuanza kadi yako inagharamia nini: kung'oa na kuziba mara nyingi vimo, kofia na meno ya kupandikiza mara nyingi havimo. Omba mpango wa matibabu wenye bei kwa maandishi.

Naogopa kiti cha meno tangu utotoni. Kuna msaada?

Upo. Ganzi ya kupaka hutangulia sindano ili usisikie inapochoma. Baadhi ya kliniki kubwa zina gesi ya kutuliza inayovutwa puani, na kwa watoto wadogo sana au kazi nzito, matibabu hufanyika mgonjwa akiwa amelazwa usingizi hospitalini. Mwambie daktari kuhusu hofu yako kabla hajashika kifaa chochote, omba kikao cha kwanza kiwe cha kukagua na kusafisha tu, na mkubaliane kwamba ukiinua mkono wa kushoto anasimama hapohapo.